Masikio kabla ya maiki: jinsi ya kuanza sanaa ya sauti ukiwa Kisumu

Mtu akijua nafanya kazi ya sauti, swali lake la kwanza ni maiki gani anunue na ni pesa ngapi. Siku hizi sijibu. Namwambia atoke nje ya mlango wake, akae kwa stuli nusu saa, simu iachwe ndani, halafu arudi aniambie amesikia nini. Wengi hawarudi. Hao wachache wanaorudi ndio naandikia hapa, na wewe pia ambaye huwezi kukaa hiyo nusu saa lakini unasoma tu, karibu.

Hii kazi si biti ya kurapia, si benga, si ya kuchezwa kwa harusi. Ni kazi ambayo sauti yenyewe ndiyo habari. Mkanda wa poshomili ukipiga, maji yakidondoka kwa sufuria, makanga pale steji akiita Kakamega Kakamega Kakamega mpaka jina linapoteza maana linabaki ngoma tu. Emeka Ogboh wa Nigeria amejenga jina lake kwa kelele za Lagos, wale makondakta wa danfo, matatu za kule, wakiita njia zao, na watu wanalipa kuingia ukumbini kusikiza. Kwa hivyo usiniambie steji yetu haina kitu.

Historia ya hii sanaa mara nyingi inaanzishwa Paris mwaka 1948 na Pierre Schaeffer, na sina ugomvi na huyo mzee. Lakini mwaka 1944, miaka minne kabla, kijana wa Cairo anaitwa Halim El-Dabh, msomi wa kilimo kumbe, aliazima mashine ya kurekodi kwa waya kutoka kwa kituo cha redio, akaibeba mpaka kwenye zaar, ile ngoma ya wanawake ya kupunga pepo, akarekodi, kisha akarudi studio akaanza kuichezea ile sauti. Akaondoa sehemu zake zingine, akaipitisha kwenye mwangwi, akatumia chumba chenye kuta za kusogezwa, na kilichotoka hakikuwa tena wimbo wa mtu yeyote. Sasa shika neno moja hapo: aliazima. Hakuwa na mashine yake. Ukikaa ukingoja upate pesa ya rekoda ndio uanze basi umeshindwa na mtu wa 1944.

(Kando kidogo: huko Marekani na Ulaya wasanii wasio Wazungu wanaitwa wasanii wa rangi. Ukijiita hivyo Kondele utaulizwa unapaka nyumba bei gani. Mimi nasema tu wasanii wetu, na "wetu" naivuta mpaka kwa Raven Chacon, Mnavajo, mtu wa kwanza kutoka kwa wenyeji asilia wa Marekani kushinda tuzo ya Pulitzer ya muziki, mwaka 2022.)

Karibu na nyumbani kuna KMRU, yaani Joseph Kamaru wa Nairobi, mjukuu wa yule Joseph Kamaru wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki 2018. Albamu yake Peel ya 2020 isikize usiku bila kufanya kitu kingine, si ukiosha vyombo. Na kuna Nyokabi Kariũki, ambaye mwaka 2022 alitoa peace places: kenyan memories, sauti za mahali pa Kenya alipokuwa anapakumbuka akiwa mbali. Hao wawili wakikuingia utaelewa haraka kuliko maelezo yangu.

Kukaa na kusikiza

Jina la Kiingereza la hii kazi ya kusikiza kwa kina, Deep Listening, lilitoka kwa Pauline Oliveros, mama mwanamuziki wa Texas. Mwaka 1988 yeye na wenzake waliingia kwenye tangi kubwa la maji lililojengwa chini ya ardhi, halina maji, huko Fort Worden, jimbo la Washington, na mle ndani sauti moja ilikuwa inakaa sekunde 45 kabla haijaisha. Hebu fikiria unapiga noti leo na bado inakujibu ukishapumua mara kumi. Huwezi kucheza haraka mle, lazima usikize kwanza kilichobaki hewani ndio ujue utaongeza nini. Hapo ndipo somo lote lilipo. Wengi wanamtaja Oliveros peke yake lakini mwenzake Ione, mwandishi mweusi Mmarekani, ndiye alileta upande wa ndoto, yaani unasikiza hata ukiwa umelala, ukiamka unaandika sauti ulizosikia ndotoni kabla hazijapotea. Niliona ni mambo ya watu walioshiba mpaka nikakumbuka dani yangu, yaani nyanya yangu, ambaye kila asubuhi kabla ya chai alikuwa anauliza umeota nini na nani alikuwa anaongea.

Sasa fanya hivi. Kaa nje asubuhi, saa kumi na mbili hivi, kabla tuktuk hazijakuwa nyingi. Dakika kumi za kwanza usichague kitu, wacha zote ziingie, ya karibu na ya mbali, hata tumbo lako. Halafu chagua sauti moja, moja tu, ishike mpaka iishe au mpaka ikuchoshe, kisha rudi kwa zote. Hiyo kwenda na kurudi, kubana na kuachilia, ndio zoezi lenyewe. Utaona sikio linachoka kama mguu.

Kama unaona ni ngumu kushika sauti moja tumia nyatiti, kinubi cha Waluo. Hii ni ya kwetu na sijui kwa nini watu hawaifundishi hivi. Nyatiti ina nyuzi nane, lakini mchezaji ameketi kwa kile kistuli kifupi na kwa kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, anagonga nayo ule ubao wa chini, na kwa mguu amefunga gara, yaani njuga, zinalia, na juu ya hiyo yote anaimba. Mtu mmoja, kazi nne. Anza na Kothbiro ya Ayub Ogada, aliyekuwa mtu wa Nyahera hapa hapa, uzoee nyuzi, kisha kwa zoezi lenyewe tafuta rekodi ya mzee yeyote anayepiga kwa matanga na pete yake. Mara ya kwanza fuata mdomo. Mara ya pili fuata nyuzi za chini. Mara ya tatu sahau vyote fuata hiyo pete tu, tak, tak, tak, kutoka mwanzo mpaka mwisho usiiachilie. Mara ya nne ndio usikize wimbo mzima, na nakuhakikishia utakuwa wimbo mwingine. Ukishaweza hivyo nenda na hilo sikio Kibuye siku ya Jumapili, sokoni, na utafute pete iko wapi.

Fanya wiki mbili hivi bila kurekodi chochote. Najua utaruka hapa.

Simu yako inakudanganya

Mvua ya kwanza niliyorekodi ilikuwa Aprili, mvua ya mabati, ile ukiongea ndani ya nyumba hamsikizani. Nikaweka simu kwa meza dakika arobaini nikasikia raha sana. Kuja kucheza, sekunde mbili za kwanza ni mvua, halafu inafifia, inafifia, inabaki kitu kama mtu anakaanga omena nyumba ya tatu. Nikafikiri simu imeharibika. Kumbe ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Simu imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea, kwa hivyo sauti yoyote inayoendelea bila kubadilika, mvua, upepo, feni, barabara, inaihesabu kuwa uchafu inaifuta. Yaani inafuta kile unachotafuta.

Dawa yake ni hii. Usirekodi kwa meseji ya sauti ya WhatsApp, hiyo inabana sauti mpaka inabaki mifupa. Tafuta apu ya kurekodi ambayo inakupa faili za WAV na inakuruhusu kuchagua chanzo cha sauti ghafi, isiyosafishwa. Android kuanzia toleo la 7 ina hiyo nafasi ingawa si kila simu imeifungua, jaribu uone. Kwa iPhone ingia settings za Voice Memos uweke Lossless. WAV ya mono ya kawaida inakula kama MB 5 kwa dakika, saa nzima ni kama MB 320, kwa hivyo futa zile video za status kwanza. Weka simu iwe haina mtandao kabisa, juu hakuna kitu kinauma kama ndege mzuri wa alfajiri halafu ting, umepokea pesa. Sawa, hiyo ya pesa unaweza kuisamehe.

Maiki ya simu nyingi iko chini pale karibu na tundu la chaji. Watu wanashika simu na kiganja kimefunika hapo hapo. Usiishike kabisa, kila kidole kinasikika, ikunje ndani ya sweta au leso uiweke kwa jiwe, mdomo wake uangalie nje. Upepo wa ziwa ni adui mkubwa kuliko kelele: vuta soksi ya sufu juu ya hiyo sehemu ya maiki, au simama wewe mwenyewe uwe ukuta. Angalia ile mistari ya sauti, isigonge juu kabisa, ikigonga ujue imepasuka na hakuna programu ya kuirudisha kamili.

Ukishabonyeza ondoka. Kweli, nenda ukae mita kumi mbali. Dakika mbili za kwanza ndege wananyamaza kwa sababu yako, watoto wanakuja kuuliza unafanya nini, vyura wa Nyalenda ndio kabisa, wanazima kama stima. Rekodi isiwe chini ya dakika kumi. Na mwishoni, si mwanzoni, sogea useme kwa sauti ya chini mahali, tarehe, saa, hali ya hewa, halafu zima. Ukisema mwanzoni utawafukuza wote tena.

Na hiyo mvua ya mabati bado haitatoka vile unavyoisikia hata ukirekebisha kila kitu, juu ni matone elfu yanagonga pamoja na kwa rekodi inakuwa shhhh moja tu. Sikio lako lilikuwa linachagua, maiki haichagui. Kwa hivyo sogea karibu na kitu kimoja. Mimi naweka sufuria, ndoo ya plastiki na karai chini ya paa pale yanapodondokea, kila chombo na noti yake, na zinabadilika jinsi maji yanajaa. Sufuria inapanda polepole, ndoo inakuwa nzito. Nusu saa hapo una muziki na hujagusa kitu.

Mahali na saa

Mvua yenyewe ina ratiba huku. Nchi kavu inanyesha sana alasiri kuelekea jioni, lakini juu ya ziwa lenyewe radi zinapendelea usiku mpaka alfajiri, ndio maana ukiwa ufukoni Dunga saa tisa usiku unaweza kusikia ngurumo ziko mbali ndani ya maji na juu yako ni nyota. Hiyo ngurumo ya mbali ni bora kuliko ya karibu. Ya karibu inapasua rekodi, tena huku magharibi radi inaua watu, Kakamega hasa, usisimame chini ya mti na chuma mkononi ati unafanya sanaa.

Usiku au alfajiri kukiwa kumetulia, hewa ya chini juu ya maji inapoa kuliko ya juu na sauti badala ya kupotea angani inapindwa inarudi chini. Ndio maana unasikia wavuvi wa omena wakiongea kama wako nyuma yako na taa zao ni vidoti kule mbali. Hiyo kitu ilinishangaza miaka mingi nikifikiri ni ushirikina. Lakini usikae peke yako ukingoni giza likiingia, viboko wanatoka kula saa hizo na kiboko hasikizi kwa kina. Nenda na mtu wa beach, mlipe kitu.

Kwa maji yenyewe chukua hedfoni zile za waya zenye maiki ndogo, ingiza hiyo maiki kwa puto au kondomu, funga na raba bendi vizuri, chovya. (Duka la dawa watakuangalia vibaya ukinunua kondomu huku umeshika rekoda, zoea.) Sauti kwa maji inakimbia kama mita 1,480 kwa sekunde, hewani ni kama 340, na hata haipotei haraka, kwa hivyo injini ya boti utaisikia kwa maji kabla hujaisikia kwa hewa. Kwenye magugu utasikia viputo vidogo vidogo kama kitu kinachemka. Mara ya kwanza nilikaa pale gatini saa nzima mpaka mama mmoja akaja akaniuliza kama nimeangusha simu kwa maji, na akaitisha vijana waingie majini wanitafutie.

Ukipata nauli panda mpaka msitu wa Kakamega, lipa kiingilio, lala karibu ili uwe ndani kabla ya saa kumi na mbili. Mbega wananguruma alfajiri, kundi moja linaanza na lingine linajibu kutoka upande mwingine mpaka msitu wote unajibu. Baadaye hondohondo wakubwa wanapita juu na mabawa yao yanavuma fuu, fuu, utafikiri mtu anakata hewa na panga. Huko pia ndiko nchi ya isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Ukiipata kwa matanga usikimbilie mbele. Kaa mbali mahali ngoma kubwa pekee inafika, ile ndogo imemezwa na miti, ni kitu tofauti kabisa.

Nakuru sitasema mengi, sijakaa sana. Lakini ukingo wa kreta ya Menengai upepo ukipanda kutoka chini una sauti yake.

Kile kisahani

Nenda kwa fundi wa redio, yule ana meza imejaa vyuma vilivyokufa, mwambie akutolee kile kisahani cha shaba ndani ya baza, kilicho kwa saa za kengele na kadi za besdei zinazoimba. Mwambie akichomee waya mbili na jeki. Hiyo ni maiki ya kugusa, haisikii hewa, inasikia vitu. Iunganishe na ampu ya gitaa au miksa au laptopu, juu simu nyingi zinaikataa, zinangoja maiki ya aina yao. Bandika na seloteipu kwa seng'enge ndefu ya shamba upepo ukipiga. Sijui nikuelezeje. Ile waya ambayo umepita miaka yote inaimba, chini kabisa, kama kuna kwaya imefungiwa ndani. Geti la chuma, reli za daraja, gogo lenye mchwa, mtungi. Ukibandika na ikatoa mlio wa kukwaruza tu, bonyeza zaidi, huwa haijashika.

Na lile tangi la Fort Worden, tunayo yetu. Tenki la plastiki la lita 5,000 likiwa tupu, fungua kifuniko, weka mdomo karibu na tundu, imba mmm polepole ukipanda kutoka chini. Kuna noti moja tenki litakushika, litaimba na wewe kwa nguvu kuliko wewe mwenyewe, hiyo ndiyo noti yake. Ya jirani itakuwa noti nyingine. Usiingie ndani, tenki lililofungwa hewa yake inaweza kukumaliza, na si lazima.

Kuomba

Hapa ndipo niliwahi kukosea. Nilirekodi mama wa samaki wa soko la Jubilee akibishana bei na mteja, nikaona ni mali, nikaondoka. Kesho yake nikarudi na furaha nikamchezea. Akanyamaza, akaniuliza, "Sasa hiyo sauti yangu umeipeleka wapi jana usiku yote?" Hakuwa amekasirika sana, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Nilifuta mbele yake. Siku hizi naenda, namsalimu oyawore mama, nakaa, nanunua samaki, narudi siku nyingine, na siku ya tatu ndio natoa simu naeleza ni ya nini na itasikika wapi. Akikataa nimepata samaki.

Si mambo ya heshima peke yake, sheria ya kulinda data ya Kenya ya 2019 inagusa sauti ya mtu anayetambulika, na ya 2016 inalinda maarifa na sanaa za jadi za jamii, kwa hivyo nyimbo za matanga si za kuokota tu. Na tuko na historia yake. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alipita Kapkatet, upande wa Kericho, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba ile Chemirocha, jina walilompa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwa gramafoni. Rekodi zikaenda Afrika Kusini, dunia ikazipenda, na zilirudishwa kwa wenyewe zaidi ya miaka 60 baadaye, wengine walikuwa wameshakufa. KMRU ana kazi ya 2022, Temporary Stored, aliyoitoa kwenye rekodi za Afrika zilizofungiwa kwa makumbusho Ubelgiji, na ukiisikiza utajua anauliza swali lile lile la mama wa Jubilee.

Na karibu na uwanja wa ndege, bandarini, vituo vya polisi, usitoe vifaa bila ruhusa. Maelezo ya sanaa ya sauti hayaingii haraka kwa mtu ana bunduki.

Kutengeneza kitu

Pakua Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ni ya bure. Kata sauti za chini ya hezi 80 kama kuna mngurumo wa upepo au barabara, na hapo wacha kusafisha. Watu wanasafisha mpaka mahali panapotea. Halafu sikiza rekodi nzima, nzima, siku ile ile, na daftari, uandike dakika ambayo kitu kilitokea. Kwa rekodi ya saa moja nikipata dakika tatu nimebarikiwa.

Chukua kitu kifupi, sekunde nne za geti, uingize kwa Paulstretch iliyo humo humo ndani ya Audacity, uivute mara ishirini. Geti linakuwa wingu. Geuza nyingine nyuma. Weka tabaka mbili, tatu mwisho, na kila ukiongeza moja jiulize kama hiyo ya kwanza ilikuwa imeshamaliza kuongea. Kosa la kila mtu anayeanza, mimi nikiwa mbele, ni kumwagia mwangwi kila mahali ili isikike ya maana. Kama unataka mwangwi nenda kwa tenki.

Kama huna rekodi nzuri una mdomo. Pamela Z wa San Francisco tangu miaka ya 80 anafanya hii kazi na sauti yake mwenyewe ikirudiwa na mashine, tabaka juu ya tabaka. Apu za lupu ziko bure. Sema jina la mtaa wako mara moja, lirudi, liongezee kicheko, liongezee kikohozi cha jirani, Manyatta Manyatta Manyatta.

Kuwaita watu

Usipakie kwanza. Ita watu kumi. Chicago mwaka 1965 wanamuziki weusi walipoona hakuna anayewapa ukumbi wakaunda chama chao, AACM, wakaandaa shoo zao wenyewe na baadaye wakafungua shule ya kufundisha watoto wa mtaa, na chama kiko mpaka leo. Wewe unahitaji chumba, mikeka, spika mbili za blututhi zimejaa chaji juu stima ya hapa unaijua. Zima taa. Dakika ishirini inatosha. Baadaye usiulize kama wamependa, hilo swali linaua kikao, uliza wamesikia nini, kila mtu kitu kimoja, na mwenye nyumba aongee wa mwisho.

Wa kwanza kualikwa wawe wale uliowarekodi. Mimi nilikuwa na dakika kumi na tano za mafundi wa jua kali pale Kibuye, wale wanagonga masanduku ya shule, nilikuwa nimeikata na kuipanga miezi miwili na nilijua kila pigo. Nyundo nne, nilikuwa nimezihesabu, nikazigawanya mbili kushoto mbili kulia. Nikamwalika mzee mmoja wao, akaja na overoli yake, akakaa karibu na mlango, akasikiza akiwa amefumba macho, sikujua kama analala. Zamu yake ikafika. "Ni nzuri," akasema, "lakini jaduong', ile inachelewa kidogo, si yetu. Ni ya huyo wa ng'ambo ya barabara. Mpini wa nyundo yake umelegea."

Jumatatu nikapita ng'ambo ya barabara nikaangalia. Mpini ulikuwa umefungwa na mpira wa chubu, na juu ya mpira, waya.